Siku Korongo Walipozinduliwa

Ukitaka kuua kitu kizuri huku Ugusii, usikipige rungu. Kiundie kamati. Kipe mwenyekiti, katibu na fulana zenye picha ya kitu chenyewe, halafu kaa kando uone. Swati aliyajua hayo vizuri, kwa sababu alizaliwa Kisii mjini, akaolewa Kisii mjini, akafiwa na mume Kisii mjini, na duka lake la vifaa vya ujenzi halikupitwa na kamati yoyote iliyokuwa ikiomba rangi au saruji ya mchango. Alikuwa ameona kamati ikiua bwawa la samaki, ikaua maktaba ya watoto, ikaua na timu ya voliboli ya wasichana iliyokuwa imeanza kushinda. Ila hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kamati ingemfuata mpaka kinamasini.

Kinamasi chenyewe kiko bondeni upande wa Ekerenyo, mahali panapoitwa Riobwocha. Juu ni chai, katikati ni migomba, chini kabisa ni maji, matete na mafunjo. Wenyeji walikuwa wakikitazama kinamasi kile kama watu wanavyomtazama shemeji mlevi: yupo, ni wetu, lakini mgeni asimwone. Swati alikipenda tangu siku ya kwanza alipopotea njia akaegesha gari la duka, Probox, pale juu barabarani. Tangu hapo kila Jumapili, duka likiwa limefungwa, alikuja na kamera aliyonunuliwa na mwanawe Parth, yenye lenzi ndefu kama mchi, akajificha nyuma ya majani ya ng'ombe katika shamba la Mong'ina na kupiga picha za ndege mpaka mvua ya alasiri imfukuze.

Huyo Mong'ina alikuwa mjane mwenzake, Msabato, mchuma chai, mwenye nyumba pale mlimani juu ya kinamasi. Walikuwa wamezoeana kwa chai na ndizi mbivu. Nasema chai na ndizi mbivu kwa makusudi, kwa maana kitu kingine Swati hakuwahi kukitia mdomoni nyumbani mwa Mong'ina. Kwao Swati nyama haikuwahi kuvuka kizingiti, wala yai, na sufuria iliyochemsha kuku hakula kilichotoka ndani yake hata ioshwe kwa maji ya mito mitatu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo mama mkwe alivyohakikisha. Mong'ina mwaka wa kwanza alikasirika, wa pili akaliombea jambo lile, wa tatu akasamehe. Kijiji hakikusamehe. Mtu akuje kwenu kila wiki na asile? Walisema, yule Muhindi anapenda ndege wetu, lakini chakula chetu ameona ni uchafu.

Mwaka huu korongo taji wawili walijenga kiota katikati ya matete. Kama hujawahi kumwona korongo taji, ni ndege mrefu wa kijivu mwenye shada la dhahabu kichwani, na anatembea polepole kama bibi harusi. Kiota chake hukiweka chini, majini, palipo na matete mazito, ili asionekane. Swati alipiga picha moja tu ya jike akiwa amelalia mayai, akamtumia Parth. Parth, mtoto wa siku hizi, akaitia mtandaoni, akaandika na mahali. Picha ikazunguka nchi nzima, na ilipomaliza kuzunguka ikamfikia mwakilishi wadi, ambaye alisema hadharani kwamba kwa muda mrefu yeye binafsi amekuwa akiwafikiria hawa ndege.

Basi. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Mzee Abner, mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa ambaye hakuna mazishi wala harusi iliyowahi kumponyoka. Ikatangazwa kwamba Riobwocha sasa ni hifadhi ya ndege, na kwamba hifadhi haiwezi kuwa hifadhi mpaka izinduliwe. Swati akateuliwa mgeni wa heshima. Alipopigiwa simu alimsihi Abner wangoje vifaranga watotolewe na watoke kiotani, kisha wazindue wanavyotaka. Abner alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Mama, hiyo ni maneno mazuri sana. Lakini tenti zimeshaagizwa." Huku kwetu tenti zikishaagizwa, hata maiti akifufuka atazikwa.

Jumapili ya uzinduzi Swati alifika asubuhi na mapema, ndizi zikiwa bado na umande, akashuka mlima mbio kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Alipofika ukingoni alisimama. Matete hayakuwepo. Kuanzia barabarani mpaka karibu na kiota palikuwa pamefyekwa, pamefagiliwa, pakalainishwa kwa vumbi la mbao. Pande zote mbili za njia palipangwa mawe, na mawe yalipakwa chokaa nyeupe pepepe, chokaa ile ile ambayo Abner alikuja kuiomba dukani kwake Jumatano. Yeye aliitoa bila kuuliza, akidhani ni ya kanisa.

Usiwacheke watu wa Riobwocha, maana hawakufanya hivyo kwa ubaya. Mgusii akisikia mgeni anakuja, kitu cha kwanza anatafuta fagio. Uwanja wenye majani mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo, aibu ambayo hata wakwe wataitaja. Ndege walikuwa na wageni, na nyumbani kwa ndege palikuwa na majani mpaka shingoni. Ni nani angeacha jirani yake aaibike namna hiyo?

"Tumekusafishia, Mama Parth," Mong'ina alisema akimjia, na uso wake haukuwa wa furaha. "Mimi niliwaambia. Wakaniuliza kama ninataka wageni waseme Riobwocha ni wachafu."

Kiota kiliachiwa pindo jembamba la matete kuzunguka, kama nywele za mteja ambaye kinyozi wake ameitwa kwenye simu. Mbele yake palisimikwa kibao chenye mshale: KIOTA. Na juu ya yote, miti minne ilikuwa imechomekwa kukizunguka, ikafungwa utepe mwekundu wa kukatwa.

Ndani ya utepe, jike alikuwa bado amekaa. Dume lilisimama mbali upande wa pili wa maji, likiinua mguu na kuushusha. Swati aliinua kamera, akavuta lenzi mpaka mwisho, akasubiri jike ageuke. Alipoinuka kidogo kupindua mayai, Swati aliliona moja lina tundu, na ndani ya tundu kitu kinasukuma. Mwezi mzima alikuwa akiingoja siku hii, na siku yenyewe ikaamua kuja pamoja na kamati.

Akatazama juu. Mwewe walikuwa wameshaanza kuzunguka. Mwewe wa huku hawahitaji mwaliko, wakiona tenti nyeupe wanajua kuna nyama, na hungoja angani kwa subira kuliko wageni wengine. Jike akiondoka kiotani sasa, mayai yakiwa wazi namna hii, hakutakuwa na kifaranga. Hilo Swati alilijua kama jina lake. Akajiambia kwamba kazi yake leo ni moja tu, watu hawa wasiende pale, na asipoweza basi kamera yake haina maana tena.

Hapo ndipo mtu akawasha jenereta.

"Helo, helo. Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti ilikuwa ya Valentine, kijana mchangamfu kutoka Mosocho ambaye ndiye mfawidhi wa kila sherehe kuanzia Nyamarambe hadi huku. Spika zilikuwa mbili, kila moja ndefu kuliko mtu, na zilikuwa zimeelekezwa bondeni ili, kama Abner alivyoeleza baadaye, ndege nao wasikie. Jike liliruka kutoka kiotani, likatua hatua chache mbele, likasimama shingo juu. Swati alikaribia kulia. Alienda kwa Valentine karibu akimbie.

"Mwanangu, tafadhali. Wale ndege wanataka kimya. Yai limeanza kupasuka."

Valentine alimwelewa mara moja, kijana mwenye heshima yule. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Wananchi, nisikizeni. Mgeni wetu wa heshima anaomba kimya. Narudia, kimya. Wale wako kule nyuma, kimya. Kwaya ya akina mama, mnisaidie na wimbo mmoja watu watulie."

Kwaya ikamsaidia.

Swati akamwendea Abner. Abner alikuwa amevaa fulana yenye korongo juu ya shati na tai, akipanga viti. Swati akamwomba waihamishe sherehe. Abner akamtazama kwa huruma. "Mama, wewe ni mnyenyekevu sana. Wageni wengine wangetaka tenti ikae karibu zaidi." Akamwonyesha kiti chake, kile chenye kitambaa cha dhahabu, cha mbele kabisa, kilichotazama kiota kama kiti cha sinema. Swati akaeleza tena, polepole, mayai, mwewe, jua. Abner akaitikia kila neno kwa kichwa. Alipomaliza, Abner akasema, "Hiyo yote utawaambia watu kwa hotuba yako. Iko kwa ratiba." Ukiisikia ratiba, ujue mazungumzo yamekwisha. Nimeona wagonjwa wakingoja ratiba.

Sherehe ikaanza. Ilianza kwa sala, na sala ilimshukuru Mungu kwa kila ndege aliyeumbwa, mmoja mmoja, mpaka kuku. Ukafuata utambulisho, na utambulisho wa Wagusii si kitu cha mzaha: akatambulishwa chifu na mke wa chifu, walimu waliopo na walimu waliostaafu, wazee wa ukoo huu na wa ukoo ule, wageni kutoka Ekerenyo wasimame, wapunge mkono, wakae, na wale ambao hawakutajwa wasikasirike. Swati hakusikia hata jina lake. Macho yake yalikuwa bondeni. Jike lilirudi kiotani kwaya iliponyamaza, likaondoka makofi yalipopigwa, likarudi, likaondoka. Kila lilipoondoka mwewe mmoja alishuka kidogo, na Swati akavuta pumzi akaishika kifuani mpaka jike lirudi.

Mheshimiwa mwakilishi wadi alifika wakati watu walishaanza kumsengenya. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kusalimia. Aliketi kando ya Swati, akamwinamia, akasema ameambiwa kuna wasiwasi kuhusu kuwagusa ndege, na kwamba yeye anakubaliana naye kabisa. "Ndege wasiguswe," alisema. "Hata sheria nimesikia inakataza. Kwa hivyo tutagusa kidogo tu."

"Kidogo?"

"Nikate utepe, nishike kifaranga, wewe unipige na hiyo kamera yako kubwa. Kifaranga anarudishwa. Hiyo picha, mama, itafika mpaka Nairobi."

Swati akaifunika lenzi kwa kiganja. Akamwuliza kama amekwisha kuona korongo akimpiga mtu kwa mdomo. Mheshimiwa akacheka, akasema amekuwa kwenye siasa miaka mingi, midomo ameizoea. Nyuma yao vijana wawili walikuwa tayari wamevaa buti za mpira za kumbeba Mheshimiwa sehemu yenye tope, maana viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

Ndipo Valentine akamwita. "Sasa tunamkaribisha yule ambaye bila yeye hatungejua tuko na ndege. Mama Swati. Mama atatupatia maneno mawili matatu, halafu twende chini tukate utepe."

Alisimama. Watu walikuwa wengi, wamejaa mteremko mzima, wamevaa vizuri. Alitafuta la kusema. Angewaambia habari za mayai, wangepiga makofi, na makofi yangemfukuza jike. Angewakaripia, wangeomba msamaha kwa pamoja, kwa sauti. Angelia, kwaya ingeimba. Kila alichonacho mkononi mwake kingegeuzwa kuwa sehemu ya sherehe. Akatazama mlimani, nyumbani kwa Mong'ina, akauona moshi wa jikoni ukipanda. Tangu alfajiri akina mama walikuwa wakipika kule. Akameza mate, na si ya hamu. Mama mkwe wake, Mungu amweke pema, alimpitia akilini na sari yake nyeupe.

"Watu wa Riobwocha, asanteni," alisema. "Mimi sina maneno mengi. Mimi nina njaa."

Spika zikalibeba neno hilo mpaka ng'ambo ya bonde. Kisha pakawa kimya ambacho hakuna aliyekiomba.

Lazima uelewe. Mgeni kwa Mgusii hasemi ana njaa. Mgeni husema ameshiba, ametoka kula sasa hivi, asisumbuliwe, na mwenyeji humlazimisha mpaka ale, ndiyo heshima ilivyo. Mgeni akisema ana njaa, mchana kweupe, mbele ya watu, ameivua familia nguo. Tena mgeni yupi? Yule Muhindi ambaye kijiji kizima kilijua hajawahi kuonja hata mboga kwa Mong'ina. Akina mama wa kwaya walitazamana. Mzee mmoja akavua kofia.

"Tukate utepe kwanza," Mheshimiwa alisema akichungulia saa. "Ni dakika tano tu, halafu mama ale."

Mong'ina alisimama kutoka safu ya nyuma. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini sauti yake ilikuwa imezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa shamba la chai. "Mgeni amesema ana njaa," alisema, "na nyinyi mmekaa kwa viti. Utepe unaliwa?"

Abner alimtazama Mheshimiwa, akamtazama Mong'ina, akaitazama ratiba, na siku hiyo kwa mara ya kwanza ratiba ikashindwa. Mwenyekiti wa kamati anaweza kumuudhi mwakilishi wadi na akaishi, uchaguzi upo. Lakini ukisemwa vijijini kwamba ulimnyima mgeni chakula, utasemwa mpaka wajukuu wako wakose wachumba. "Watu wapande," Abner akasema. "Mgeni ale."

Wakapanda wote. Nani angebaki bondeni ilhali yule Muhindi anaenda kula? Wazee walipanda kwa mikongojo, kwaya ikapanda, chifu akapanda, vijana wenye buti wakapanda wakiwa hawana wa kubeba. Spika nazo zikapandishwa pamoja na jenereta, maana hotuba zilikuwa bado. Na mwewe, walipoona sufuria zinafunuliwa kule juu, wakaiacha anga ya kinamasi wakawafuata wanadamu. Swati aliwaona wakipita juu ya kichwa chake, na akawashukuru kimoyomoyo kwa ulafi wao.

Alikalishwa mezani, uwanjani kwa Mong'ina, na watu wakasimama kumzunguka kama wanavyozunguka ajali. Obokima, ule ugali wa wimbi, ukaja ndani ya kikapu chake, wa kahawia, unafuka moshi. Chinsaga ikaja kwenye sufuria ndogo, mboga chungu zilizolala kwenye maziwa. Swati alimwona mama aliyekuwa akipakua. Alikuwa na mwiko mmoja. Mwiko ulitoka kwenye sufuria ya kuku, ukagongwa ukingoni mara moja, ukaingia kwenye chinsaga.

Mong'ina naye aliuona. Macho yao yakakutana juu ya sufuria, na Mong'ina akafungua mdomo aseme kitu. Swati akatikisa kichwa kidogo. Akanawa mikono. Akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama alivyowaona wateja wake wakifanya hotelini karibu na duka, akachota mboga, akala.

Nitakuambia ukweli, tonge la kwanza lilimshinda karibu litoke. Alihisi ameivunja nyumba ya watu watatu waliokwisha kufa, mama yake, mama mkwe na mumewe. La pili aliliteremsha kwa sababu alikumbuka tundu la lile yai. La tatu, Mungu anisamehe na yeye amsamehe, lilikuwa tamu. Uchungu wa mboga na maziwa yale, na wimbi lililosagwa vizuri. Alikasirika kwamba ni tamu. Miaka yote hiyo ya ndizi.

"Amemeza," mtu alisema nyuma.

"Mbuya mono, vizuri sana," mzee aliyevua kofia alisema, na akairudisha kichwani.

Kuanzia hapo halikuwa jambo la mkono wake tena. Sahani ilipopungua iliongezwa. Aliposema ameshiba walifurahi sana, kwa kuwa hayo ndiyo maneno ya mgeni, na wakaongeza. Bibi mmoja alikuja kumshika mkono akalia, akisema amemwuzia huyu mama viazi na ndizi tangu ujana wake pale mjini na alikuwa akiamini anawachukia. Swati aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu alikuja pale kuwahadaa, na wao wakapokea kama zawadi.

Valentine aliichukua kamera begani mwa Swati kwa upole. "Lete, mama, wewe kula. Siku kama hii lazima ipigwe." Akampiga anamega, akampiga anachovya, akampiga anatafuna, kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka juu ya kiti. Mheshimiwa, ambaye alikuwa amenuna pembeni, aliona mambo yanavyokwenda. Kifaranga mmoja hana kura. Akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na Swati, akamega tonge kubwa, akalishika karibu na mdomo na kutabasamu mpaka Valentine alipomaliza. "Hii ndiyo picha," alisema. Kisha akahutubu juu ya umoja wa jamii zote za Kisii na Nyamira, hakutaja ndege, akaingia garini kuwahi harambee ya mahali pengine. Utepe hakuna aliyeukumbuka.

Mvua ya alasiri ilikuja kama ilivyo desturi yake, ikawatawanya watu waliobaki. Swati aliazima buti kwa Mong'ina, wakashuka wawili, tumbo la Swati likiwa zito kiasi kwamba alishuka kwa upande. Njia ya vumbi la mbao ilikuwa imeshakuwa uji, chokaa ya mawe ikimiminika majini. Bondeni palikuwa kimya, ni mvua tu. Swati aliogopa kutazama, akatazama.

Jike lilikuwa kiotani, ndani ya utepe uliolowa, mabawa yamefunguka kidogo. Dume lilikuwa limesogea karibu sana, limesimama mvuani. Kisha chini ya bawa la jike pakatokea kichwa, kidogo, cha rangi ya asali, kimelowa, kikatazama mvua ya kwanza ya maisha yake kikarudi ndani.

Swati alinyanyua kamera. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Betri ilikuwa imekufa. Picha ya mwisho aliyopiga Valentine, kama alivyokuja kuona baadaye, ilikuwa ya mifupa ya kuku kwenye sahani ya mtu. Swati aliumia, nisikudanganye, aliumia sana, kwa kuwa picha ile aliiota mwezi mzima. Lakini kichwa kilitokea tena, na kando yake kikatokea cha pili, na akajikuta ameishusha kamera, akiwatazama kwa macho yake mawili huku machozi na mvua vikichanganyika, na Mong'ina amemshika mkono.

"Mama Parth," Mong'ina alisema. "Ule mwiko."

"Niliuona."

"Jumapili ijayo nitakuwekea mwiko wako."

Walisikia nyayo zikichapa tope. Ni Abner, chini ya mwavuli, fulana ya korongo ikiwa imemganda mwilini, uso wake umejaa furaha safi ya mtu ambaye shughuli yake imefana. Alikuja mpaka kwenye kibao chenye mshale, akasimama. Swati akajiwekea kidole mdomoni. Abner akashusha sauti, ingawa si sana.

"Mama, kamati imekaa," alisema. "Sasa hivi, kwa jikoni. Watu wamefurahi kupita kiasi, vile umekula. Tumekata shauri uzinduzi uwe kila mwaka."

Swati akageuka kutazama kama jike limeshtuka.

"Na tumeona haya," Abner akaendelea. "Mgeni kama wewe kupewa mboga. Mwaka ujao tutakuchinjia ng'ombe. Fahali mzima, mama, si ndama. Tutamchinjia hapa hapa, kando ya kiota, ndege nao waone vile tunawathamini."

Swati alikuwa mtu ambaye mchwa walipoingia dukani mwake aliwahamisha kwa fagio na kuwaomba radhi. Hakuwahi kuhesabu damu ya kiumbe hata kimoja mikononi mwake. Alimfikiria yule fahali, ambaye pengine wakati ule alikuwa ndani ya zizi la mtu hapo juu, akicheua, hana habari. Chini ya bawa kifaranga wa pili alikuwa akijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena.

"Mchinjeni," alisema. "Lakini kule juu. Na mimi nitakuja na njaa."